Lori Limepumzika, Dereva Je?

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha lori, mjomba wangu alizipiga teke tairi zote moja moja huku akijisifu. "Wenzangu wanasinzia, mimi nakata mbuga! Chuma hakilali!" Chuma ndilo jina alilojipa mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angempa. Mama akimsikia kaka yake hivyo, hugeuza uso. "Debe tupu," huninong'oneza.

Siku niliyosafiri naye kurudi shule ya bweni, majigambo hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nilikuwa na yangu. Nafasi katika shule ile niliipata kwa mbinde, na tulikuwa tumeonywa kwamba asiyeripoti kabla ya geti kufungwa jioni, nafasi yake anapewa mwingine. Mabasi yote yalikuwa yamejaa. Lililobaki ni lori la Mjomba.

Mchana tukaingia kwenye maegesho ya malori. Sheria inamtaka dereva aliyeendesha kwa saa nyingi apumzike kabla ya kuendelea. Madereva wenye akili zao walivuta mapazia wakalala. Mjomba akabetua midomo.

"Tazama mizoga hiyo! Huyo mama wa lori la bluu ndiyo kabisa. Dereva gani analala mchana kweupe kama mgonjwa?"

"Kwani wewe hupumziki, Mjomba?"

"Si tumesimama? Kifaa cha kurekodi mwendo kinaandika gari limesimama. Ndiyo nimepumzika hivyo!"

Laiti mngeliona hilo pumziko! Alimbadilishia mtu tairi bila kuombwa. Akapanda juu ya shehena kukaza kamba. Akabishana mpira na muuza chai mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Muda ulipokwisha alikuwa ameloa jasho, macho mekundu, na chai yake anaikoroga kwa kalamu. Nikajiuliza, huyu ndiye wa kunifikisha shuleni?

"Twende!" akaniamuru. Akauendea mlango, akachomeka ufunguo. Haukuzunguka. Akausukuma mlango kwa bega, akalitukana na kufuli lake. "Nani kaniharibia mlango?" Lori lake jekundu lilikuwa nyuma ya mgongo wake.

Pazia la lori la bluu likafunguliwa. Yule mama dereva akachungulia. "Kaka, unanivunjia mlango, au nikukaribishe ndani?"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye akacheka, kicheko cha kujikosha. "Ah, jua tu hili. Wewe mtoto, panda twende."

"Sipandi."

"Unasemaje?"

"Sipandi, Mjomba. Kama lori lako mwenyewe hulioni, kona utaionaje?"

"Shauri yako! Geti likifungwa usije ukanililia!"

Niliiona nafasi yangu ikienda hivi hivi. Lakini bora kukosa nafasi kuliko kukosa roho. Nikakaa juu ya sanduku langu.

Mama dereva akashuka. "Hebu nikuulize, kaka. Ile sheria inamhurumia nani, tairi au wewe? Lori halina usingizi. Kukaza kamba ni kazi, kubadili tairi ni kazi. Umetoka kazi hii ukaingia ile, halafu unaita kupumzika! Mpe mtoto ufunguo, ukalale."

"Mimi ni Chuma..."

"Chuma gani kinatetemeka mikono?"

Mjomba akaitazama mikono yake. Ilitetemeka kweli. Akanipa ufunguo bila kunitazama usoni. Nikamfungulia mlango, na kabla sijaufunga alikuwa anakoroma. Eti Chuma hakilali!

Nilikaa kwenye sanduku nikitazama jua linavyoshuka. Muda wa kupumzika ulipotimia nikamwamsha. Akanawa uso, tukaondoka.

Karibu na shule, kwenye kona ya mteremko, basi lilikuwa limeharibika katikati ya barabara. Abiria walikuwa wametapakaa kwenye lami, na mwanamke mmoja ameinama anamfunga mtoto mgongoni. Mjomba aliwaona mapema. Akapunguza gia, akakanyaga breki, lori likasimama mbali nao. Yule mwanamke hata hakugeuka.

Mjomba akavuta breki ya mkono. "Ningekuja na yale macho ya mchana..." akaanza, kisha akalizunguka basi polepole.

Tulimkuta mlinzi ameshashika komeo la geti. Nilipita ubavu ubavu na sanduku langu. Mjomba akaniita kutoka nje.

"Sikia, mpwa wangu. Nilidhani sheria ile ilitungwa na wavivu. Kumbe ilitungwa kwa ajili ya yule mama wa pale kwenye basi na mwanawe. Kusimamisha gari si kupumzika. Mtu huacha kazi zote, akatulia, ndipo akashika usukani. Siku nikisahau, kataa tena kupanda."

"Nitakataa, Mjomba. Na mbele za watu."

Nilipochungulia baadaye, lori lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta wa shule, na pazia limevutwa.