Mtu wa Mbao Mwenye Nyundo

Saa moja asubuhi yule mtu wa mbao aliinua nyundo yake akagonga kengele mara moja, lakini kengele haikulia. Kilicholia ni kikombe jikoni. Kilipasuka mkononi mwa mke wa Fundi Kufuli, chai ikammwagikia gauni zima.

"Kimepasuka chenyewe," mke alisema, akikitazama kishikio kilichobaki kidoleni.

"Vikombe vya siku hizi ni jina tu," fundi alijibu bila kuinua macho.

Macho yake yalikuwa kwenye saa. Ilikuwa mfano mdogo wa zile saa za kwanza za mnara, imekuja ndani ya boksi ikiwa vipande vya kuunganisha kwa gundi: magurudumu, mnara wa urefu wa mkono, na juu yake mtu wa kugonga kengele. Mke, mimba ya miezi saba tumboni, alimnunulia ili baada ya kazi mume atulie nyumbani. Na kweli alitulia, mpaka alipoikaza springi kwa pupa ikakatika. Jana yake jioni akatoa nyingine ndani ya kufuli la mganga.

Hapo ndipo alipojitia kitanzi mwenyewe. Mganga, mama mmoja mpole, alikuwa amemletea kufuli hilo likiwa limefungwa, zito kupita kiasi, akamwomba jambo moja tu: alichomelee tundu la ufunguo.

"Usilifungue, mwanangu. Nimehangaika sana kumfunga aliyemo."

Lakini mwambie fundi wa kufuli asifungue kufuli! Mtaa mzima ulijua hakuna mlango uliowahi kumshinda, na aliyeutangazia mtaa ni yeye mwenyewe. Alichokonoa kidogo tu, likaachia. Ilitoka harufu ya nywele zilizoungua. Akacheka, akachukua springi, akaitia kwenye saa yake.

Saa mbili nyundo ilishuka mara mbili. Paka aliyelala kwenye kiti alibamizwa na kitu kisichoonekana, mara mbili, hata kulia hakuwahi, na damu ikaruka mpaka kwenye pazia.

Fundi alinyakua nyundo yake ya chuma akaishushia saa ile kwa nguvu zote. Nyundo ilimrudi, mbao haikupata hata mkwaruzo. Ndipo alipompigia simu mganga. Saa tatu, akiwa bado anavuta saa iliyogandamana na meza, goti lake lilipigwa mara tatu, na pigo la tatu likatoa mfupa nje.

Mganga alimkuta sakafuni.

"Nilikwambiaje?" alinong'ona. "Anaongeza kila saa, na kila saa anataka kilicho bora zaidi. Kikombe, paka, wewe. Saa nne atamtaka mtoto."

Mke alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono yote miwili tumboni.

"Mama, nifanyeje?" fundi aliuliza.

"Springi irudi kwenye kufuli. Mkono ulioitoa ndio uirudishe."

Fundi akaingiza mkono wa kulia ndani ya mnara, na magurudumu ya mbao yakaanza kuzunguka yenyewe, yakimtafuna vidole, yakichuna ngozi na nyama, na damu ikichuruzika mezani huku harufu ya nywele zilizoungua ikijaa chumbani, na mtu wa mbao akiinua nyundo polepole, na mke akilia kwa sauti ya chini kana kwamba anaogopa kusikika, mpaka nyundo ikashuka na mkono wa mke uliokuwa juu ya tumbo ukavunjika, ikainuka tena, na fundi akapiga ukelele akaing'oa springi pamoja na kucha zake. Mtu wa mbao akaanguka. Springi ikarudishwa, kufuli likafungwa, na mganga akasimama pale pale mpaka fundi alipolichomelea tundu kwa mkono wa kushoto.

"Mtoto amecheza," mke alisema, akaangua kilio cha furaha. Fundi naye akalia.

Mganga alilipima kufuli kiganjani, akakunja uso.

"Mbona jepesi hivi?"

Papo hapo saa tano ikafika. Mkono wa kulia wa fundi, uliokuwa umefungwa bendeji, uliinuka wenyewe ukagonga meza mara tano, na meza ikapasuka katikati.

Kabla ya saa sita fundi alijiburuta mwenyewe mpaka karakana.

"Nifungie kwa nje," alimwambia mkewe. "Weka kufuli kubwa, na kitasa cha mlango pia ukifunge. Hata nikikulilia, usifungue."

Mke alifunga. Saa sita ilipofika, akasikia kitu kikikwaruza taratibu ndani ya tundu la ufunguo.

"Unafanya nini humo?"

"Siyo mimi!" fundi alilia. "Ni huu mkono! Nauvuta na hausikii! Kimbia, mke wangu, kimbia!"

Kitasa cha mlango kikaachia. Kisha mikwaruzo ikahamia kwenye lile kubwa, lililoning'inia nje, mbele ya macho yake.