Moshi wa Jikoni kwa Papa Lusenge

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Kavuo aliwasha mbabula, jiko dogo la makaa, jikoni kwao Mususa, mjini Butembo. Hakuwasha ili apike. Baba yake, Papa Lusenge, alinunua dhahabu kutoka machimbo ya Manguredjipa, nayo ilifika ikiwa imeshikana na zebaki, ile sumu nzito inayometameta ambayo wachimbaji huikusanyia dhahabu. Njia ya kuiondoa zebaki ni kuichoma tu. Papa alifunga mlango na dirisha, kwa kuogopa wezi, na Kavuo akapepea moto huku mdogo wake Jephté, mtoto wa miaka minne, akicheza karibu nao. Mwishowe wote watatu wa nyumba ile walikunywa maziwa, kwani Papa, kama wenzake wa kazi hiyo, aliamini kuwa maziwa huosha sumu yote.

Jephté akaanza kukonda. Fizi zilimvimba, mate yakamtoka, mikono ikatetemeka, na usiku alilia badala ya kulala. Dawa za malaria hazikufua dafu.

"Huyu mutoto amepewa karuho," alisema Papa. Karuho ni sumu ambayo, watu husema, adui huitia katika chakula kwa siri. Na nani alimlisha Jephté? Ni Mama Berthe, mjane wa jirani, aliyempa ndizi karibu kila siku. "Kesho nitaita chef de quartier, mukubwa wa mutaa. Ule mama atahama hapa!"

Kavuo aliumia moyoni, kwa sababu Mama Berthe alikuwa mtu mwema na hakuwa na kwingine pa kwenda. Tena alikumbuka jambo. Papa aliposafiri kwenda Eringeti hawakuchoma dhahabu, na Jephté akapata nafuu, ingawa aliendelea kula kwa Mama Berthe. Lakini habari za dhahabu zilikatazwa kabisa kutajwa nje.

Asubuhi walimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Muuguzi, Mama Sophie, alimpima kwa makini.

"Papa, kwenu munafanya kazi gani?"

"Biashara tu."

"Biashara ya nini?"

Papa alianza kumvisha Jephté sweta ili waondoke. Kavuo aliona kwamba yeye naye akinyamaza, mdogo wake atazidiwa na Mama Berthe atafukuzwa bure.

"Tunachomaka or, ile dhahabu, mu jikoni," alisema. "Na mulango inafungwaka."

"Kavuo! Nyamaza!"

"Hapana, Papa. Wakati ulienda Eringeti hatukuchoma, na Jephté alianza kupona. Na kwa Mama Berthe aliendelea kula kila siku."

Mama Sophie aliweka kalamu chini. "Papa, mercure, ile zebaki ya mu dhahabu, ikichomwa inakuwa moshi yenye macho haioni. Maziwa inaenda mu tumbo, lakini ile moshi inapita mu mapafu, inaingia mu damu. Mwili inajua kujisafisha. Figo zinatoa ile sumu pole pole mu mukojo. Lakini mukiongeza ingine kila siku, zinashindwa. Na mutoto mudogo anashindwa wa kwanza. Nyoosha mikono yako."

Papa alinyoosha mikono. Nayo ilikuwa inatetemeka.

Muuguzi aliwaandikia wote watatu waende hospitali kubwa. Aliagiza pia kwamba Jephté asilale katika nyumba ile mpaka jikoni pasafishwe kabisa, na kwamba dhahabu isichomwe tena nyumbani kwa watu.

Mtoto angelala wapi, basi, na nyanya yake yuko mbali, Beni? Papa alisimama mlangoni kwa Mama Berthe, uso umemshuka.

"Mama, nilisema ni wewe ulimupa mutoto karuho. Sumu ilitoka kwangu. Unisamehe."

Maneno yale yalikuwa yameshamfikia Mama Berthe, na yalimkata maini.

"Mulete mutoto," alisema hatimaye. "Atalala kwangu."

Jephté alitibiwa, akakaa kwa Mama Berthe hadi nguvu zikamrudia. Siku alipokwenda kumchukua, jikoni pakiwa pameshasafishwa, Papa alimshika Kavuo bega mbele ya Mama Berthe.

"Mwanangu, nilikukataza kusema kweli. Mwili ya ndugu yako ilikuwa inapigana na sumu peke yake, na mimi nilikuwa natafuta adui kwa jirani. Kitu kikiumiza mutu, usikifiche, hata kama ni cha baba yako."