Kiti cha Mkubwa

Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni mwa Sindano, mlinzi wa wajumbe.

"Sindano, fundi wa viti tumempata."

"Kasemaje?"

"Hawezi kusema tena. Kachinjwa tangu jana, yuko chini ya mbao zake mwenyewe."

Sindano akaganda katikati ya ngazi. Dakika kumi tu zilizopita alimpisha fundi wa viti mlangoni, na sanduku lake la zana, akamtakia kazi njema.

Kazi njema! Akajitukana kimoyomoyo, akaanza kukimbia.

Saa yake ya Omega mkononi ilisema saa nne kasoro dakika tano. Saa nne kamili wajumbe wa makoloni matano wangeingia ukumbini kutia saini katiba ya serikali yao moja, na himaya iliyowakalia kooni miaka sabini ingefunga virago. Wakifa leo, hakuna serikali. Meli za Gavana zilikuwa zimejaa askari bandarini, zikisubiri kisingizio tu cha kushuka "kulinda amani."

Na mjumbe mmoja alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

Mlinzi wa ukumbi alikuwa ameketi sakafuni, kidevu kifuani, utadhani amesinzia. Damu ilikuwa imefika kwenye viatu vyake.

Sindano akachomoa bastola yake ya Browning, akausukuma mlango kwa mguu.

Viti ishirini vya mbao, vyote sawa, viliizunguka meza. Na kimoja, upande wa dirishani, kikubwa, cha ngozi nyekundu, chenye mikono ya kuegemea. Fundi alikuwa amepiga magoti akikikaza skrubu.

Nusura Sindano acheke. Wajumbe waligombana miezi miwili juu ya nani akae mbele, hadi wakakubaliana: viti vyote viwe sawa, na kila asubuhi kila mjumbe achomoe namba kwenye kofia, akae itakapomwangukia. Humu hapakuwa na mbele. Lakini mtu wa Gavana angewezaje kuwaza mkutano usio na kiti cha mkubwa?

"Fundi, hicho cha nani?"

"Cha mwenyekiti, dada."

"Mwenyekiti yupi?"

Jamaa akaingiza mkono sandukuni.

Kisha patasi ikaruka.

Ilimzama Sindano begani. Bastola ikamponyoka, ikateleza chini ya meza. Jamaa akamvamia na nyundo. Pigo la kwanza lilivunja kiti, la pili likavunja mbavu. Sindano akamng'ata kidole mpaka meno yakagusa mfupa. Nyundo ikadondoka. Akaichomoa patasi begani mwake mwenyewe, huku akipiga ukelele, akaikita shingoni mwa yule mtu.

Mara mbili.

Jamaa akaanguka kando ya kiti chake. Akanyoosha mkono, akavuta uzi uliofichwa chini ya kiti hicho.

"Dakika moja," alikoroma, damu ikimtoka mdomoni. "Twende wote."

Akafa. Kiti kikaanza kugonga kama saa ya ukutani.

Sindano akakikumbatia, akainua. Kilikuwa kizito mno, na mbavu zilimkatalia. Mlango ukafunguka. Wajumbe hao, na mbele yao kaka yake.

"Kaka, rudini! Bomu!"

Wenzake wakarudi mbio. Yeye akaja mbio, akashika miguu ya kiti.

"Nimesema urudi!"

"Acha ubishi. Inua! Moja, mbili..."

Kiti kiliondoka na dirisha zima, kikaangukia bustani tupu. Ndugu wawili wakajilaza.

Jengo likatikisika. Dari ikawamwagia chokaa.

"Uko mzima?" kaka aliuliza, sikio likivuja damu.

"Mzima. Una kichwa kigumu wewe!"

"Nyumbani mkubwa ni mimi."

Sindano akalia, wala hakujificha.

Saa nne na robo katiba ilitiwa saini, wajumbe wakiwa wamesimama, weupe kwa chokaa, mmoja mmoja kwa namba ya kofia.

Ndani ya sanduku la fundi, redio nyingine ikaita. Sauti Sindano aliijua: katibu wa Gavana. Alikuwa amempigia pasi mashati mwaka mzima kama mtumishi wake, huku akimpeleleza.

"Nimesikia mlipuko. Wote tayari?"

"Wote wamesaini, bwana."

"Wewe nani?"

"Uhamiaji," Sindano akajibu. "Askari wako wakitaka kushuka, waje na viza. Na wapange foleni."

Akazima redio, akaifuta patasi kwenye pazia, akashuka ngazi polepole, mkono mbavuni, kumtafuta mtu wa kumshona bega.