Sweta la Mtoto wa Nyangi

Jioni ile nilitoka kuanua nguo kwenye ua wa ojuok, ile minyaa inayozunguka boma. Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa, na wingu zito lilikuwa limetanda juu ya Uriri. Nilianua leso, nikaanua shati la mume wangu Walter. Nikafika kwenye sweta la binti yangu Joyline, nikasimama.

Asubuhi nililifua likiwa na tundu kwenye kiwiko. Tundu la kupitisha vidole viwili.

Sasa halikuwapo.

Niligeuza mkono wa sweta. Kiwiko kilikuwa kimefumwa upya, na ncha ya uzi ilikuwa imefungwa mafundo matatu. Namjua mtu mmoja tu aliyefunga uzi hivyo. Nilimwona akishushwa kaburini.

Acha niseme kweli, nimechoka kuibeba.

Nyangi alikuwa mke mwenzangu, msichana wa Kehancha, mpole mpaka ananiudhi. Alifuma kwa spoki mbili za baiskeli maana sindano za dukani hakuwa nazo. Sweta hilo la manjano alilifuma akiwa mja mzito, kwa sufu iliyotoka Homa Bay. Mwaka 1991 mtoto wake akafa kwa malaria, miezi mitatu tu. Nyangi hakuweza hata kusimama, na kwa kuwa mimi ndiye mke mkubwa, kazi ya kumvalisha maiti ikawa yangu.

"Nyieka, mvalishe hii," alininong'oneza, akiniita mke mwenza kwa Kijaluo. "Huko chini ni baridi."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Joyline wangu alikuwa amelala pale, miezi mitano, anakohoa. Nikalitazama lile sweta jipya. Nikajiambia, aliyekufa hasikii baridi. Nikamfunga mtoto wa mwenzangu katika kipande cha shuka kuukuu, nikamzungushia blanketi ili mtu asione. Sweta nikalisukuma chini ya godoro.

"Umemvalisha?" Nyangi aliuliza.

"Nimemvalisha."

Hakumaliza mwaka. Tulimzika kando ya mtoto wake, nyuma ya nyumba yake. Ndipo nikalitoa lile sweta.

Wanawake walilisifu. "Sweta ya mkono ni kitu ingine," jirani yangu Pauline alizoea kusema. "Ya duka ingekuwa imeisha zamani. Lakini Mama Joyline, hii si ni ile alivaa akiwa mdogo?"

"Sufu huvutika," nilimjibu.

Sufu huvutika, ndiyo, lakini si kwa miaka saba. Kila mwaka mikono ya sweta ilimfika Joyline pale pale kwenye vifundo. Nilijua uzi hauongezeki wenyewe. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri. Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa miaka saba, nikadhani nimesamehewa.

Basi nikiwa pale uani, nikasikia.

Tik... tik... tik...

Chuma kwa chuma. Ilitoka nyuma ya nyumba ya Nyangi, ambayo paa lake lilishaanguka. Pakanuka maziwa ya mama yaliyochacha, na udongo mbichi. Mvua ilikuwa bado haijanyesha.

Joyline akatokea kule, anatembea polepole, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele.

"Ulikuwa wapi?"

"Yule mama alikuwa ananipima."

"Mama gani?"

"Wa kupima na uzi. Huwa anakuja jioni." Akagusa bega lake, akateremsha kidole hadi kwenye kifundo. "Ananiita mtoto wake. Nikamwambia mimi ni wa kwako. Akasema, si ndio mimi huvaa sweta yake?"

Nilimfungia Joyline ndani, nikachukua jembe na lile sweta, nikaenda kwenye kile kikaburi kidogo cha mtoto wa Nyangi. Nikachimba, nikamalizia kwa kucha, nikalilaza sweta mle.

"Nyangi, nilikudanganya," nikasema. "Mtoto wako alienda bila nguo. Nimerudisha. Niachie wangu."

Tik tik ikakoma.

Nililia pale mpaka mvua ikaanza. Walter alipouliza mbona mikono yangu ina udongo, nilisema nilikuwa napanda mboga. Hata baada ya hayo yote, bado nilidanganya.

Kesho yake jioni nilikaa kizingitini nikichambua maharagwe. Joyline alikuwa kando yangu na gauni lake la shule. Nilikuwa na amani, ya kwanza tangu 1991. Nikaanza hata kuimba.

Joyline akainua kichwa, kama mtu aliyeitwa.

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

"Joyline, shusha mkono."

"Anasema asante. Sweta imefika."

Maharagwe yalimwagika. Sikuyaokota.

"Amemvalisha yule mtoto wake mdogo," akaendelea kwa sauti ya chini. "Lakini ni kubwa sana. Imemfunika mpaka kichwa. Mtoto analia ndani yake."

Ile harufu ya maziwa ikaja, karibu kabisa, kama mtu ameketi nasi kizingitini. Nikaushika mkono wa binti yangu niuteremshe. Ulikuwa baridi, na haukushuka.

"Mama, anauliza... hiyo sweta inamtosha nani?"

Akanigeukia, akingoja.

"Nimwambie?"