Damu Mpya ya Felicitas

Novemba ya mwaka 1992, Ephrasia alisimama mlangoni kwake Kashozi akamwona binti yake akipanda mlima kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, bila kupumzika hata mara moja. Felicitas alikuwa na miaka tisa, na tangu azaliwe alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Msimu wa mvua mifupa ilimuuma hadi akajikunja sakafuni kama nguo inayokamuliwa. Mama alipaswa kufurahi. Lakini mtoto alikuwa akiimba chini chini wimbo wa wavuvi, ule wa kupigia kasia, na hakuwahi kufika ziwani.

Wiki sita kabla, mumewe Datius alikuwa amerudi kutoka Ulaya, alikofanya kazi ya maabara miaka minne. Alikuja na chupa yenye barafu ambayo hakutaka mtu aiguse, akamdunga mtoto sindano nne. Ephrasia alipouliza ni dawa gani, alielezwa kwamba ni virusi vilivyotolewa makali yake, vikabebeshwa jeni nzima ya damu ili viiingize kwenye chembe za mifupa zinazotengeneza damu. Ephrasia alisikia "jini". Datius alicheka, akamwambia ni jeni. Hakucheka alipoulizwa kama wakubwa wake wa kule walijua ameondoka na ile chupa.

Neno virusi nalo lilimkaa vibaya Ephrasia. Kila wiki kijijini walizika mtu wa Juliana, jina walilotumia kwa kuogopa kusema Ukimwi, na huyu mwanamume alikuwa amemtia mtoto virusi kwa mkono wake mwenyewe.

Akaanza kumchunguza binti yake. Mtoto alikuwa anaomba kahawa ya kutafuna, kama wazee. Nywele zake zilinuka tope la ziwa hata baada ya kuogeshwa kwa sabuni. Jumapili moja, baada ya misa, alimwita baba yake kwa jina la utani la utotoni. Datius akaangusha kikombe. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo, kaka yake Karugendo, aliyezama akienda kisiwa cha Bumbire na mwili wake usionekane.

Hapo ndipo Datius aliposema yote. Jeni ile ilinakiliwa kutoka kwenye damu ya Karugendo, aliyokubali kutolewa mwaka mmoja kabla ya kuzama. Alisema huku machozi yakimtoka, lakini Ephrasia aliona kwamba hayakuwa machozi ya hofu. Tangu siku hiyo Datius alikaa na mtoto barazani, wakizungumza taratibu kwa Kihaya kama watu wazima wawili, na mama akipita wananyamaza.

Ephrasia hakumwambia mtu. Alimtafuta Bartholomayo, mganga wa Ngenge, akampitisha katikati ya migomba ili katekista asimwone. Mzee yule hakutaka kumwona mtoto kwanza. Alimwambia Ephrasia amuulize mtoto jambo ambalo halikutokea kamwe.

Mchana ule mvua ilikuwa inanyesha. Mama na binti walikuwa jikoni wakimenya ndizi, na mzee alikuwa amejibanza nyuma ya mlango.

"Shemeji," Ephrasia alisema polepole, "unamkumbuka yule ng'ombe mweupe uliyenipa nilipoolewa?"

Felicitas hakuinua macho kwenye kisu. "Namkumbuka," alijibu. "Ulilia ulipomwona."

Hakukuwa na ng'ombe. Karugendo hakuwahi kumpa kitu chochote, na Ephrasia, akiwa na ndizi mkononi na utomvu ukimganda vidoleni, alihisi ile harufu ya tope ikipanda kutoka kwa mtoto ikajaa jiko lote hadi ikafunika moshi, akaelewa kwamba kitu kilichokaa mbele yake kilikuwa kimejifunza sauti ya shemeji yake na nyimbo zake na hata jina la utani la mumewe, na kwamba kingekubali lolote watakaloliuliza ili mradi waendelee kukikaribisha.

Bartholomayo alimwita nje. Alimwambia kwamba aliyekufa angekataa. Huyu ni wa ziwani, amefuata damu ya aliyezama akaipanda kama mtu anavyopanda mtumbwi. Alikuwa na uwezo wa kumfukuza. Ila huyo wa ziwani ataondoka na mzigo aliokuja nao, ile damu nzima.

Datius alitokea migombani, akawakuta. Hakugomba. Alimkalisha mkewe chini na kumwambia kwa sauti ya kunong'ona kwamba ile jeni haitoki kama mwiba unavyotoka. Imo ndani ya chembe zenyewe, na kila tone jipya la damu ya Felicitas linazaliwa nayo. Kama mganga anaweza kuing'oa, basi anang'oa uzima wa mtoto pia. Ephrasia alimuuliza kama bado anaamini ni kaka yake. Datius alitazama mikono yake.

Bartholomayo alikuwa ameshawasha majani kwenye kigae. Moshi ulipoingia jikoni, mtoto alianza kutetemeka. Kisu kikamtoka. Akatambaa hadi kwa mama yake, akamshika kanga kwa nguvu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Felicitas, nyembamba, ile ya usiku wa homa.

"Mae, usimtoe. Akitoka, mifupa itaniuma tena."

Ephrasia alimkumbatia muda mrefu. Kisha akachukua maji, akauzima moshi mwenyewe, akamwomba mzee amsamehe na aende zake.

Felicitas alikua, akaolewa Muleba, akazaa watoto watatu wenye afya. Mama yake alikwenda kuwaona kila alipozaliwa mmoja, akainamia utosi wa mtoto na kunusa kama kuna tope la ziwa kabla ya kumpakata. Alichogundua hakumwambia mtu. Na hadi anazeeka hakuweza kujua, siku ile jikoni, ni nani kati ya wale wawili aliyemwomba.