Kitasa Kimesema ni Mama

Maiti alikuwa amelala chali kwenye ujia wa kuingilia, na kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mama yake mzazi.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye duka la simu na kamera, shati bado limechomekwa vizuri kama mtu anayekwenda kazini. Damu ilimtoka kisogoni ikalowanisha gauni la bibi. Bibi hakulia. Alikuwa akimpangusa mwanawe nywele, polepole, kama anamtafutia usingizi.

Inspekta alivua kofia. Alikuwa mwanamke mnene wa mwendo wa pole, na askari wenzake walimwita Taratibu wakidhani hajui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Leo mlango u wazi."

Inspekta alilisikia neno hilo, akaliweka moyoni. Akaruka damu, akapita.

Koplo alimfuata mbio na simu ya marehemu ndani ya mfuko wa vielelezo. Macho yalimng'aa. "Afande, kesi hii imekwisha hata hatujanywa chai."

"Imekwisha vipi?"

"Njoo ukione kitasa."

Kilikuwa kitasa kijanja, cheusi, kinang'aa kama kiatu kipya. Hakina tundu la ufunguo. Nje kina kibao cha kuwekea kidole, na ndani kibao kingine vilevile. Bila kidole kinachotambulika, hutoki wala huingii. Mlango ukifungwa unajibana wenyewe. Na kila unapofunguliwa, simu ya mwenye nyumba inaletewa jina la aliyefungua.

"Haya, sikia," Koplo akasema, akisoma. "Asubuhi mume katoka, mke katoka. Baadaye kidogo: Mama, kwa nje. Kisha Bosi, kwa nje, ndiye marehemu huyo. Halafu Mama, kwa ndani. Basi. Mwisho ni mke, aliyerudi akakuta maiti. Madirisha yote yana nondo. Mlango wa nyuma waliuziba kwa matofali walipoleta kitu hiki. Humu walikuwamo watu wawili, Afande. Mmoja kafa."

"Na wa pili ndiye huyo bibi."

"Kitasa kimesema ni mama. Mashine haina upendeleo." Akakipapasa kibao. "Mke wangu nyumbani amenikalia kooni tununue kama hiki. Unaonaje, kinafaa?"

"Ngoja kwanza tujue kimefanya nini hapa."

Daktari wa polisi aliinuka kutoka sakafuni akisugua magoti. "Jeraha moja tu, la kisogoni. Linalingana na kona ya hiyo ngazi ya vigae. Kasukumwa, kaanguka kinyumenyume. Hakuchelewa kufa. Na tazama hapa." Akauinua mkono wa marehemu. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na mistari ya kucha, mibichi. "Walikuwa wanang'ang'ania kitu."

Inspekta alichuchumaa mbele ya bibi. Mkono wa kushoto wa bibi ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe, safi, imezungushwa kwa mpango na kubanwa vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa wazi, na kucha zake zilikatwa mpaka kwenye nyama.

"Mama, nani amefungua mlango huu leo?"

"Mimi."

"Nani alimsukuma mwanao?"

"Mimi. Andika ni mimi, mwanangu, unitoe njiani. Nimechoka kukaa chini."

"Na bendeji hii?"

"Niliungua jikoni. Nikajifunga."

"Kwa mkono mmoja?"

Bibi akatazama pembeni. "Kwa meno."

Inspekta akaenda jikoni. Sufuria ilikuwa imeungua mpaka ikawa mkaa, na ukuta wa juu ya jiko ulikuwa mweusi tititi. Harufu ya moshi ilikuwa bado imeshika mapazia. Akarudi mlangoni, akautazama upande wa ndani. Mbao zilikuwa zimechubuliwa kuanzia usawa wa kifua mpaka chini, mikwaruzo mipya juu ya ya zamani. Kwenye kona kulikuwa na mwiko uliovunjika katikati.

Mtu anayeweza kufungua mlango haupigi kwa mwiko.

Mke wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha jirani nje, amejishika kichwa. Alisema kwa sauti iliyokauka, "Mama akili zilianza kumhama, Afande. Alikuwa akibaki peke yake anagonga mlango, anagonga, mpaka majirani wanalalamika. Mume wangu akawaambia ni uzee tu, msimjali."

"Mumeo hakujiuliza anagongea nini?"

"Ajiulize nini? Kila siku simu inamwambia Mama katoka, Mama kaingia. Alifurahi. Akasema, mnaona, hata mama yangu anakiweza."

"Wewe ulishawahi kumwona akifungua?"

"Mimi hutoka asubuhi, hurudi jioni. Leo tu nimerudi mapema."

Hapo akafika dada wa marehemu, muuguzi, na sare yake ya zahanati. Alimpita kila mtu mpaka kwa mama yake, akapiga magoti. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama bibi, na bibi akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi.

Inspekta aliwaona wote wawili. Akamgeukia Koplo. "Niitie fundi aliyefunga kitasa hiki. Aje na vifaa vyake."

"Afande, na mtuhumiwa? Gari liko tayari."

"Gari halina njaa."

Fundi alikuja na begi mgongoni na maneno mengi mdomoni. Alianza kuzungumza hata hajaivuka damu. "Kitasa hiki hakidanganyi, Afande. Hiki hakichezewi wala hakitoboleki. Mimi mwenyewe ningekuwa na nyumba ya maana—"

"Nyamaza kwanza. Funga mlango."

Fundi akaufunga. Kitasa kikalia kidogo, kikajibana. Ndani ya ujia walikuwa Inspekta, Koplo, fundi, mke wa marehemu, muuguzi na bibi. Maiti alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Joto likapanda mara moja, na pumzi za watu zikasikika.

"Mama," Inspekta akasema, "Koplo anataka kukupeleka kituoni. Ukifika huko utaandikisha maelezo, kisha utalala rumande, kwenye sakafu ya saruji. Sitakuficha. Lakini kwanza tufungulie mlango tutoke."

Bibi akasimama. Muuguzi alitaka kumshika mkono, akaukwepa. Akaenda mlangoni amenyooka, akaweka dole gumba la kulia kwenye kibao.

Tii, tii. Taa nyekundu.

"Mkono una jasho," bibi akasema. Akajifuta kwenye gauni, akaweka tena.

Tii, tii.

"Labda ni kidole hiki." Akaweka cha shahada. Nyekundu. Akaweka cha kati. Nyekundu. Akakandamiza mpaka kucha zikawa nyeupe. "Kinajua, kitafungua tu, kina matata kama bwana wake. Subirini." Akaweka cha pete. Akaweka kidole cha mwisho. Kila mara mlio uleule, taa ileile, na bibi anajifuta na kurudia kama mtoto aliyesahau jibu mbele ya mwalimu.

"Mama, inatosha," Inspekta akasema kwa upole.

"Haitoshi! Nimesema ni mimi!"

Inspekta aliukamata ule mkono, akaugeuza kiganja juu. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani, mama?"

Muuguzi ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini. "Alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka kwa magadi na dawa kali tangu sisi tungali migongoni. Ndiyo yaliyotusomesha."

Inspekta akamgeukia fundi. "Wewe. Ulijua?"

"Afande... siku ile nilijaribu vidole vyote. Kitasa kilikataa. Bosi alikuwa dukani, akanipigia simu, ananifokea, mama lazima awemo, mama lazima awemo, na mimi nina kazi mahali pengine. Nikaona... Nikaandika jina la bibi, nikaweka kidole cha mtu mwingine aliyekuwapo. Nikamwambia bosi tayari."

"Na bosi hukumweleza?"

"Bibi alinikataza. Alisema mwanangu kakinunua kwa furaha, nisimwambie kimemkataa mama yake."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Kidole cha nani?" Inspekta akauliza.

Fundi akatazama sakafu.

"Funga mdomo wako wewe!" bibi akapiga kelele. "Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye niliyemuua, mnataka nini tena?"

Muuguzi akampita mama yake. Akaweka dole gumba kwenye kibao. Taa ya kijani ikawaka, mlango ukaachia, na hewa ya nje ikaingia.

"Changu," akasema. "Nilikuwa wa kwanza kuingia leo, na wa mwisho kutoka."

Bibi akaketi palepale chini.

Inspekta alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na laweza kutolewa mahakamani. Muuguzi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa dawa anazozijua.

"Mimi huja kila siku wakati wa mapumziko," akasema. "Namfungulia anaota jua, tunazunguka kidogo, namrudisha. Leo nimekuta moshi unatoka chini ya mlango. Mama yuko hapa chini, amekumbatia mwiko, hana sauti tena. Amegonga mpaka ameishiwa, na watu wanapita nje. Nikamfunga mkono. Nikampigia kaka, nikamwambia njoo sasa hivi, ng'oa kitu hiki."

"Akaja."

"Akaja anacheka. Mama hufungua mwenyewe, tazama simu. Ndipo nikamwambia. Nikamwambia huyo Mama unayemwona humo ni mimi." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nilidhani atalia, Afande. Hakulia. Alikasirika kwamba nimeingia kwake kwa jina la mtu. Akaniita mwizi. Akasema kwake mtu haingii kwa ujanja, na pale pale akaitoa simu aanze kukifuta kidole changu."

"Hukuweza kumwacha akifute, ukamripoti baadaye kwa mkewe, kwa wazee, kwetu?"

"Moshi ulikuwa bado uko jikoni! Mama bado anakohoa! Nikawaza, akikifuta tu, nani mwingine atakayemfungulia? Nikamkamata mkono. Akanisukuma. Nikamsukuma." Akautazama mkono wake. "Mimi mkono wangu unainua wagonjwa kila siku. Una nguvu kuliko nilivyodhani."

"Ukamwacha hapa."

"Nilimpima. Alikuwa amekwisha. Mama akaniambia nenda, una watoto, mlango huu utasema ni mimi. Nikaenda. Hilo ndilo linaloniua, Afande, si lile la kwanza. Kwamba nilikwenda, nikamfungia mama na maiti."

Mke wa marehemu alitoa mlio mdogo, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Koplo alizitoa pingu, akamtazama Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa. Zikarudi mfukoni. Muuguzi akainama, akakaza bendeji ya mama yake iliyokuwa imelegea, akaiangalia kama inabana sana. Kisha akatoka mwenyewe mpaka kwenye gari.

Bibi alibaki ujiani, anauangalia mlango ulio wazi kama haujui. "Mmoja mmempeleka kwenye barafu," akasema, "na wa pili kwenye gari lenu. Mkiondoka na mlango huu ukajifunga, mimi nani atanifungulia?"

Aliyeinuka ni mke wa marehemu. Alipita juu ya doa la damu, macho yamevimba, akasimama mbele ya fundi.

"Ng'oa."

Fundi alisita. "Shemeji, kitasa hiki ni cha thamani. Halafu mlangoni patabaki tundu kubwa, mtu anachungulia mpaka ndani."

"Libaki," akasema, akamshika bibi mkono wa kulia, akamwinua. "Wachungulie. Ng'oa."