Nani Aonje Kwanza

Jumamosi moja ya arusi ya watu, hoteli moja ya Gitega, Burundi, nyumba ya kale ya Mbelgiji katikati ya migomba, ilifurika watu mpaka barazani. Ndipo Josephat akaingia kwa mlango wa mbele, shati jeupe limelowa jasho, na madumu mawili ya urwarwa, mvinyo wa ndizi, kutoka kwao Butihinda, kule Muyinga.

"We kaka, madumu iko inapita nyuma!" akafoka Gracieuse wa mapokezi, kitenge chake cha njano kikiwaka.

"Samahani dada. Nyuma sikuona mrembo wa kumuuliza njia."

Gracieuse akanuna, lakini kicheko kikamponyoka.

Toka hapo simu zao hazikupoa. Mwisho Josephat akaenda mtaa wa Yoba, palepale Gitega, kwa baba wa binti, mzee Sylvestre, kuposa. Akautua mtungi wa urwarwa, akakaa, mikono mapajani. Mzee akangoja. Wajomba wakangoja. Mtungi haukuguswa.

"Beba pombe yako," mzee akasema, na posa ikafa palepale.

Josephat akarudi Muyinga. Nani ampigie mwenzie kwanza? Hiyo nayo ikawa vita. Gracieuse alipanga funguo za vyumba, akazipangua. Pikipiki ikinguruma chini ya kilima, anachungulia: si yeye. Siku moja moyo ukamshinda, akapiga yeye.

"Chéri, baba anasema ulitia sumu."

"Sumu! Mimi?"

"Mbona hukuonja? Huku mwenye kuleta ndiye anaonja wa kwanza!"

"Gracieuse, nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Mama alinifunza kijana hatangulii kunywa mbele ya wazee. Nilikuwa naheshimu, mpenzi."

"Mungu wangu! Na mi nalia huku, najua umenichoka!"

"Kesho nakuja."

"Baba hatakufungulia."

"Nitanywea langoni."

Kweli, kesho yake mchana Josephat alisimama langoni Yoba, mikono ya koti la kuazima imeishia juu ya viwiko, mtungi miguuni. Mzee akatokea, uso kaukunja.

"Shikamoo baba." Akainama, akashika mrija, akavuta. Akavuta tena. Hakuwa mnywaji; machozi yakamtoka, naye haondoi mdomo mrijani.

Mzee akachungulia mtungini, akaona pombe inavyoshuka.

"Ee, we mkwe! Sisi utatuachia nini?"

Nyuma ya pazia Gracieuse alisikia neno moja tu, mkwe. Akatoka mbio, mrija wa baba mkononi.